Msomaji Asiyejua Kitu

Nilikuwa na siku chache tu za kumpata mjinga mmoja, na Kuhmo nzima, mji wetu mdogo wa kaskazini, sikuwa na wa kumwendea.

Si kwamba wajinga hawapo. Wapo, wengine tumewachagua wenyewe wakakae kwenye baraza la mji. Niliyemtaka mimi ni mjinga wa aina yake: mtu ambaye hajawahi kuigusa Routa maishani mwake, na ambaye yuko radhi kuja kukaa nyumbani kwangu mchana mmoja, asome karatasi, afanye lile tu lililoandikwa, kisha aende zake.

Routa ni mfumo endeshi, ile programu ya chini kabisa inayoiamsha kompyuta na kuiambia wewe ni kompyuta, amka. Hauuzwi. Tunautengeneza wenyewe, watu wa kila mahali, kila mmoja kajifungia chumbani mwake na kipande chake. Wapo wanaoandika programu, wapo wanaozifungasha ziwe vifurushi vya kupakua, halafu tupo sisi wa miongozo, tunaomwonyesha mtu njia ya kuhama kutoka toleo la zamani kwenda jipya bila kuiua kompyuta yake katikati. Kila kitu lazima kiwe na mlezi. Kisicho na mlezi tunakiita yatima, na yatima haingii kwenye toleo jipya.

Mimi ni mlezi wa Kaira. Hizo ni kompyuta za zamani, nzito kama jiko la kuni, shule za huku kaskazini ziliwahi kuzinunua kwa wingi kabla hazijapata akili. Leo watumiaji wake wote duniani sidhani kama wanajaza basi. Mmoja yuko Chile, anapimia mvua. Kila mwaka huniandikia sentensi moja: bado inafanya kazi. Mkitaka kujua hali yangu ilikuwaje, huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa karibu.

Sasa, miongozo yote iko chini ya Raakel, mama mmoja wa Oulu ambaye sijawahi kumwona uso. Raakel ana sheria yake, na sheria hiyo ndiyo iliyonitia taabuni. Kila toleo jipya, mwongozo wa kuhama lazima usomwe na mtu asiyejua kitu, mbele ya aliyeuandika, naye aliyeuandika anyamaze. Asiseme, asitikise kichwa, asikohoe kikohozi chenye maana. Anavyosema Raakel, mwandishi akifungua mdomo basi unaosomwa si mwongozo tena, ni yeye. Mwongozo usiosomwa haupiti. Mashine isiyo na mwongozo inaachwa nje. Na Kaira ikiachwa nje, mimi sina kingine cha kulea kule. Ningebaki kijana wa kusukuma theluji wa kampuni ya Kemppainen, basi. Kule kwenye Routa ndiko mahali pekee ambapo mtu huandika: Veeti, hebu litazame hili.

Ugumu wenyewe uko hapa. Mtu akishausoma mwongozo mara moja, ameharibika. Anajua. Huwezi kumtumia tena. Mama yangu nilimtumia kwenye toleo la kwanza. Alifika nusu ya ukurasa wa pili akachomoa waya ukutani, akasema sasa imepumzika. Dada yangu Jonna nilimmaliza kabla hajahamia Vantaa. Mwaka jana nilimtumia Kemppainen mwenyewe, bosi wangu, akatukana kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho lakini akafika. Baada ya hapo nikakaa nikahesabu watu ninaowafahamu kiasi cha kuwaambia njoo kwangu, na hesabu ikaisha kabla sijaanza.

Ndipo simu ya kazi ikaita. Kampuni yetu haisukumi theluji tu, inafungua pia milango ya watu waliojifungia nje. Nikaambiwa kuna mteja jengo B, ghorofa ya pili, ameazima simu kwa jirani wa chini. Nikavaa koti la kazi, nikachukua ufunguo mkuu, nikafungua mlango wangu, na mteja akawa amesimama mbele yangu, mlango kwa mlango, na soksi miguuni na mfuko wa taka mkononi.

"Umewahi," akasema.

Huyo alikuwa Seija Moilanen. Tulikuwa tumekaa tukitazamana hivyo miaka mitano na hatujawahi kufikisha sentensi nzima. Kwenye jengo letu mtu mstaarabu hachomoki tu ndani kama kuku. Unachungulia kwanza kwenye tundu la mlango. Ukiona jirani yuko ngazini, unangoja apite, msije mkalazimika kuongea. Seija na mimi tulikuwa wastaarabu wakubwa. Nilichojua juu yake ni kwamba anaendesha teksi ya halmashauri, watoto wa mashambani asubuhi, wagonjwa wa kituo cha afya mchana, na kwamba zamu yake ya sauna, kile chumba cha mvuke cha jengo, ni Jumatano, kabla ya yangu, na huacha mawe yangali moto.

Nikamfungulia. Akaniuliza anilipe nini. Nikasema hakuna malipo, kisha mdomo wangu ukaendelea wenyewe.

"Unajua chochote kuhusu kompyuta?"

"Najua kuizima."

"Inatosha. Usijifunze kingine mpaka Jumanne."

Akanitazama kama mtu anayewaza kama mlango aufunge kwanza au aite polisi kwanza. Nikamweleza yote, haraka haraka, Kaira, Raakel, mjinga. Neno mjinga nililiruka nikasema msomaji. Alilisikia hata hivyo.

"Na wewe utakaa pale unanitumbulia macho bila kusema kitu?"

"Ndiyo sheria."

"Niliolewa miaka kumi na moja, nimezoea. Kahawa ipo?"

Jumanne akaja na mikate mitamu ya iliki kwenye mfuko wa karatasi. Akavua viatu mlangoni, akavipanga vizuri, akakaa mbele ya Kaira. Nikawasha mashine, nikampa karatasi, nikarudi nyuma nikakaa juu ya viganja vyangu. Hiyo ni mbinu yangu, la sivyo mikono huelekeza yenyewe.

Naomba niseme hivi: yule mama alikuwa msomaji wa ajabu. Hakuruka neno. Karatasi iliposema andika amri hii kama ilivyo, aliiandika kama ilivyo, kidole kimoja kimoja, ulimi nje. Iliposema hakikisha mashine imeunganishwa na umeme, aliinama chini ya meza akahakikisha, akarudi na vumbi kichwani akasema kuna soksi yangu kule. Nilifurahi hadi nikaogopa kwamba furaha nayo ni kusema. Mashine ikaanza kushusha vifurushi vipya, maandishi yakapanda kwenye skrini kama theluji inayoanguka kwenda juu, feni ikanguruma.

Akafika kwenye hatua iliyosema: ngoja mashine imalize, usiiguse.

Akaweka karatasi chini, akamimina kahawa, akangoja.

Mashine ikamaliza. Mimi nilijua imemaliza. Maandishi yalisimama, feni ikashusha pumzi, na chini kabisa ya skrini kikabaki kistari kidogo kinachopepesa. Kwetu sisi kistari kile ni kama kusema haya, leta lingine. Lakini Seija akakitazama, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema bado inafikiri, akamega mkate.

Nikatazama karatasi kwa mbali. Hakuna mahali nilipoandika mtu atajuaje kwamba imemaliza. Miaka yote hiyo, na haikunijia hata mara moja. Kemppainen mwaka jana hakungoja, alibonyeza tu kwa hasira, bahati ikawa upande wake. Nikampata mtu wa kwanza duniani anayeutii mwongozo wangu, na mwongozo ukamwacha njiani.

Na siruhusiwi kusema.

"Usijali," Seija akasema bila kugeuka. "Kazi yangu ni kungoja. Watu wanadhani ni kuendesha. Kuendesha ni kidogo. Unampeleka mtu kwa daktari wa meno, unakaa garini, unangoja."

Akaanza kuongea. Alinisimulia habari za mtoto mmoja wa Lentiira ambaye kila asubuhi hupanda na jiwe tofauti mfukoni na hasemi kwa nini. Za binti yake aliyeko Luleå, anayempigia Jumapili na kumuuliza kuna nini huko, na yeye anajibu hakuna kitu, na kweli anatafuta kwa juhudi kitu cha kusema na hakipati. Akasema baada ya talaka alinunua meza ndogo, halafu akaona aibu kwa udogo wake, akanunua nyingine kubwa, na sasa anakula amesimama.

"Halafu najua unanichungulia kwenye tundu," akasema. "Mwanga unazibika. Usione haya, na mimi nakuchungulia. Siku ukichelewa kutoka nawaza huyu kijana amekufa."

Nilikuwa na mambo ya kumjibu, jamani. Nilikuwa nayo ya kujaza ukurasa. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nikimsikia hajarudi barabara ikiwa na barafu huwa silali vizuri. Nikakaa juu ya viganja vyangu. Jua la Machi likatoka kwenye kibodi likaenda ukutani, likawa jekundu kidogo, kahawa ikaisha, akaiweka nyingine mwenyewe, akalijua kabati langu kama la kwake. Na nikiwa mkweli, kuna wakati niliacha kuuwaza mwongozo. Niliwaza tu kwamba kistari kikiendelea kupepesa, yule mtu hataondoka.

Mwishowe simu yake ikaita, mgonjwa anataka kurudishwa nyumbani. Akasimama, akapapasa nywele.

"Haya, imenishinda. Mashine yako ni nzito kufikiri. Unaweza kusema sasa?"

"Ilikuwa imemaliza," nikasema. Sauti ilitoka na kutu.

"Lini?"

"Ulipokuwa na kikombe cha kwanza."

Akatazama skrini, akatazama jua lilipofika, akanitazama mimi.

"Na ukaniacha nimekaa."

"Ni sheria."

"Sheria tu?"

Hapo palikuwa pa kusema neno. Kila mtu angeliona hilo neno, lilikuwa kubwa kama mlango wa ghala. Nikasema, "Ndiyo. Sheria."

Akavaa viatu, akasema ahsante kwa kahawa, kahawa aliyoipika yeye.

Nikamwandikia Raakel ukweli: msomaji amekwama kwenye kungoja, kosa ni la mwongozo. Akajibu kwa maneno yake yaliyohesabiwa, niongeze mstari, nitafute msomaji mwingine, mwisho Ijumaa. Nilifikiria kudanganya, nisiwafiche. Kinachotakiwa ni jina na mji tu; ningeandika la mke wa Kemppainen, na Raakel asingepanda gari kutoka Oulu kuja kumhoji. Lakini kuna yule wa Chile. Niliwaza amekaa mbele ya kistari, mvua inanyesha nje haipimwi, anangoja kwa sababu nilimwambia angoje.

Basi nikauandika mstari. Mara ya kwanza niliandika: ukiona kistari kinachopepesa na hakuna kingine kinachoandikwa, mashine imemaliza, unaweza kwenda. Nikayatazama yale maneno ya mwisho. Nikayafuta, nikaweka: endelea na hatua inayofuata.

Mjinga mpya nitamtoa wapi? Nilijua mtu mmoja tu anayebeba watu kila siku. Nikaenda mlangoni kwangu, nikachungulia, ngazi tupu, nikarudi. Nikaenda tena. Mara ya tatu nikavuka ile hatua moja na nusu ya sakafu, nikafanya jambo ambalo kwenye jengo letu hufanywa moto ukiwaka. Nikabisha hodi.

Tundu likazibika, likazibuka. Akafungua.

"Nani kajifungia nje?"

Nikamwambia shida yangu. Hakutaja Jumanne. Akafikiri, akasema Alhamisi humpeleka mzee Eino kituo cha afya, na Eino hajawahi hata kushika rimoti, mkewe ndiye aliyekuwa akishika, na tangu afe televisheni imebaki kwenye idhaa ileile.

"Kahawa nitaweka ya watu watatu," nikasema.

"Mimi nitangoja garini. Nisije nikamtibulia mtu wako."

Alhamisi nilipanga vikombe vitatu hata hivyo. Eino akapanda ngazi polepole, kofia kichwani, akakaa na koti lake, akasoma karatasi akiishika mbali kama barua ya kodi. Alifanya kila kitu kwa ukali, kana kwamba Kaira ni ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Akafika kwenye kungoja. Akangoja. Maandishi yakasimama, kistari kikapepesa, Eino akainamia karatasi, kidole kikashuka hadi kwenye mstari wangu mpya.

"Aha," akasema. "Imemaliza."

Akafanya hatua mbili zilizobaki, mashine ikajizima, ikaamka na toleo jipya, akasimama. Kahawa alisema hapana, atakojoa njiani. Nikasikia fimbo yake ikishuka ngazi, kisha mlango wa teksi. Kutoka dirishani niliwaona wakiondoka, moshi mweupe nyuma yao. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya ilikuwa imeisha kabla kahawa haijapoa, na nyumba ikawa kimya kana kwamba hakuna aliyeingia.

Nikatuma ripoti. Raakel akajibu neno moja: sawa. Kaira imeingia.

Seija aliporudi nilimsikia ngazini. Miguu yangu ikaenda yenyewe kwenye tundu, ikakaa pale kistaarabu. Halafu nikafungua. Alikuwa anatafuta ufunguo mkobani.

"Eino amefaulu," nikasema.

"Kaniambia. Kasema kompyuta si kitu."

"Siku ile haikuwa sheria tu."

Aliendelea kutafuta ufunguo uliokuwa tayari mkononi mwake.

"Najua," akasema. "Na mimi ile feni niliisikia."

"Feni ipi?"

"Ya ile mashine yako. Ilishusha sauti nikiwa na kikombe cha kwanza. Miaka yote hii naendesha gari, kijana, injini ikipumzika mimi nitakosa kujua?"

"Sasa mbona hukuendelea?"

"Karatasi haikuniambia niende."

Taa ya ngazi, ambayo hujizima yenyewe, ikajizima. Hakuna aliyebonyeza. Nikasema basi mstari wangu hauna kazi, nimeuandika dunia nzima isome kwa kosa ambalo halikuwapo. Akasema gizani kwamba Eino umemfaa, tena uache hapohapo, kuna watu hawasikii feni. Kisha akasema haya, nami nikasema haya, na milango miwili ikafungwa. Kwa Kuhmo, hayo ni maongezi ya mwaka.

Toleo likatoka. Theluji ikaanza kulainika. Yule wa Chile akaandika: bado inafanya kazi. Nikawa mlezi tena kwa mwaka mwingine, na nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, kwa muda wa kula sahani moja ya makaroni. Halafu likaja jambo lenye ujinga wake. Seija sasa anajua. Kwa mujibu wa sheria, hafai tena kuwa msomaji. Sababu pekee niliyowahi kuwa nayo ya kumwita nyumbani kwangu nilikuwa nimeitumia ikaisha.

Nikaanza kutafuta sababu nyingine. Sukari? Ninayo. Zamu ya sauna? Imeandikwa ukutani. Nilitafuta juma zima, nikiwa nimesimama kwenye tundu.

Jumamosi nikachukua mfuko wa taka, haujajaa hata nusu. Nikatoka na soksi. Nikauvuta mlango nyuma yangu, ukalia ule mlio wake wa kujifunga. Funguo zangu ziko ndani. Ufunguo mkuu uko ndani. Ule wa akiba anao Kemppainen, na Kemppainen Jumamosi yuko katikati ya ziwa, anavua samaki kwenye tundu la barafu, simu kaiacha nyumbani kwa makusudi. Makusudi ya kwangu msiniulize.

Nikavuka sakafu, nikabisha. Tundu likazibika. Likakaa limezibika kitambo. Akafungua, akatazama soksi, akatazama mfuko wa taka.

"Umejifungia nje," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe."

"Ndiyo."

Hakucheka. Akaingia ndani, akarudi na simu yake na ile karatasi ya jengo yenye namba ya fundi wa milango. Akaipiga namba kwa kidole kimoja, tarakimu moja moja, kama mtu anayefuata mwongozo, akaweka simu sikioni.

Nyuma ya mlango wangu simu ya kazi ikaanza kuita.

Tukaisikiliza wote wawili ikiita.

"Hapokei," Seija akasema.

"Huwa hachelewi hivi."

"Basi itabidi tungoje," akasema, akausukuma mlango wake ukafunguka wote, na kwa mara ya kwanza nikaiona ile meza kubwa.